Namba Kumi Asiyepiga Kelele

Mtu asiniulize habari za raga kama hana muda wa kunisikiliza nikifoka. Mie naitwa Fakihi, fundi bajaji wa Mwananyamala, nina miaka thelathini na tisa, na kumi na minne kati ya hiyo nimecheza namba moja, yaani lile jitu la mbele kabisa linalosukumana bega kwa bega na jitu la upande wa pili. Goti langu la kulia halikunjiki vizuri. Sikio moja limekunjamana mpaka mke wangu, Rukaiya, akitaka kulisafisha hucheka kwanza. Sijawahi kulipwa hata soda. Kwa hiyo nikisema jambo la raga, haki ya kulisema ninayo.

Na leo namsema Lusungu. Kijiweni wanamsema vibaya, eti yule dogo alikuwa na mikono tu, uongozi hana. Kila nikisikia hivyo nainuka naondoka, maana nikibaki nitamzaba mtu kibao, na anayestahili kibao ni mie.

Lusungu ni mtoto wa Mwalimu Tupokigwe, anayefundisha shule ya msingi. Watu wa Rungwe hao, baba alishafariki, wanaishi mama na mwana kwenye vyumba viwili vya kupanga. Kijana alimaliza kidato cha sita, matokeo si mabaya, ila chuo hakikupatikana, akaenda kuuza viatu vya mitumba Buguruni. Asubuhi Buguruni, jioni mazoezini kwetu, kwenye kiwanja cha shule ambacho nyasi zake zilikufa zamani, ukianguka unatoka umemenywa kama muhogo. Miaka mitatu hakukosa mazoezi, hata siku za mvua ambazo mie mwenyewe nilijifanya naumwa.

Kwa asiyejua, raga ya watu kumi na tano ina mpishi mmoja, naye ni namba kumi. Mpira ukitoka kwenye rundo la watu unafika kwake kwanza. Yeye ndiye anaamua tupige teke, tukimbie nao, au tuupeleke pembeni. Wapinzani wakiwa na mpira, yeye ndiye anatupanga nani azibe wapi. Ana nusu sekunde ya kuona na nusu sekunde ya kutuambia.

Hiyo nusu ya kwanza, wallahi, sijaona mtu wa kumfikia Lusungu. Anatoa pasi kushoto sawasawa na kulia. Akipiga teke, mpira unashuka pale pale alipopataka. Siku moja mazoezini alinipa mpira mkononi kabla mie mwenyewe sijajua kwamba nimebaki peke yangu. Nikatambaa nao mpaka nyuma ya mstari, nikauweka chini, trai yangu ya kwanza baada ya miaka miwili. Jioni ile nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Hiyo nusu ya pili ndiyo ilikuwa ishu. Dogo alikuwa akiona pengo linaanza kufunguka, anasema, "Samahani, kaka Fakihi, naomba usogee kidogo kushoto." Mpaka amalize samahani yake, jamaa wameshapita, wameshafunga, wanapongezana.

Tulikuwa tunamcheka. Lakini hebu nieleze alikotoa zile samahani. Timu yetu, Vifaru wa Kinondoni, ina utaratibu wake. Mazoezi hayaanzi mpaka wadogo wapite kwa wakubwa mmoja mmoja, shikamoo kaka, shikamoo kaka, mpaka wa mwisho. Asiyesalimia anakimbia raundi tano. Sheria hiyo niliileta mie, mwaka ule vijana walipoanza kuja na hereni zao na kutuita "oya". Timu nyingine zinatuchekaga, sie tunajisifu kwamba Vifaru ndio wenye adabu mji huu. Lusungu hakukimbia hata raundi moja. Alikuwa anainama kidogo akisalimia, kama alivyolelewa kwao, na mie nilikuwa namwonyesha kwa wenzake, oneni mtoto aliyefunzwa.

Namba kumi wetu wa siku zote alikuwa Ansbert, nahodha, karani wa kampuni ya kusafirisha mizigo, miaka thelathini na mbili. Sauti yake inasikika mpaka barabarani. Anajua kumbembeleza refa, anajua kumfokea mvivu, anajua kumpa moyo aliyekosea. Sasa mikono! Mikono ya Ansbert ni ya kushikia mihuri. Mpira unamponyoka mechi nzima. Lakini akisema twende, tunaenda, hata kama tunakokwenda ni ukutani.

Mwaka huu mwezi wa sita tukapangiwa mechi na jamaa wa Arusha, hapa hapa Dar, kwenye uwanja wa nyasi wa shule moja ya kulipia huko Masaki. Zikaja habari kwamba Anselmo atakuwepo. Anselmo ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua vijana wasiozidi miaka ishirini wa kuingia kambini, na alikuwa anatafuta namba kumi. Kambini wangekuja watu wa chuo kimoja cha Nairobi ambacho kila mwaka kinachukua wachezaji wawili kinawasomesha mpaka wanamaliza. Lusungu alikuwa anatimiza ishirini na moja mwezi wa kumi. Mechi hiyo ikimpita, basi, hakuna nyingine. Timu nzima tulilijua hilo. Mwalimu Tupokigwe alilijua, aliwahi kunisimamisha njiani akaniambia, "Baba, mie siijui hiyo michezo yenu, ila mwanangu anataka kusoma."

Jumatano tukakaa gerejini kwangu kupanga timu, watu watatu. Kocha Stanley, Demetria ambaye ni meneja wetu na pia nesi anayetufunga mabandeji, na mie niliyewakilisha wachezaji. Ansbert tulimwambia asije, tunamjadili yeye. Namba nyingine zote kumi na nne zilikwisha kwa dakika kumi. Hiyo moja ikatuweka mpaka adhana ya magharibi.

"Mpeni Lusungu," Demetria akasema. "Anselmo hawezi kumwona mtu akiwa benchi. Na mpira anaujua kuliko wote nyie, msinitolee macho."

Stanley akakuna kidevu. "Mikono anayo, dada Deme, sibishi. Lakini mambo yakiharibika katikati ya mechi, nani atawakusanya? Namba kumi lazima awe na mdomo."

"Kwani mnatafuta namba kumi au mnatafuta dalali?"

Hapo nikaingia mie. Nikasema yule mtoto ataomba samahani mpaka filimbi ya mwisho. Nikasema timu inataka uongozi kwanza, ufundi baadaye. Nikaongea vizuri sana, najisikia mwenyewe.

Demetria akanitazama. "Nani kamfundisha kuomba samahani? Si wewe na raundi zako tano?"

"Adabu ni adabu," nikamjibu.

"Haya. Mmewafunga midomo, halafu mnawanyima namba kwa sababu hawasemi. Nyie wanaume mna wazimu."

Stanley akasema yeye yuko katikati, mie niamue. Nikaamua. Ansbert aanze, Lusungu akae benchi. Nilisema nachagua uongozi, na neno lenyewe lilinijaza mdomo. Ukweli wa Mungu ni kwamba nilichagua mtu ambaye akinipa amri haniumizi, kwa kuwa nimemzoea na umri hatujapishana sana. Hilo sikulisema gerejini. Wala sidhani kama nilikuwa nimeshajiambia.

Kesho yake nikamfuata Lusungu mazoezini, nikamwambia mwenyewe. Sikutaka asikie pembeni. Akatazama mchanga kidogo.

"Sawa, kaka. Nirekebishe nini?"

"Sauti. Uwanjani hakuna kaka wala shikamoo. Ukiniona nimezubaa, niite jina. Fakihi! Kavu, basi."

"Jina tupu?"

"Jina tupu. Nimekuruhusu mie."

Akacheka kwa haya. Mie nikampiga bega, nikaenda zangu nikijiona mtu mwema. Ijumaa Demetria akanieleza kwamba alipita kiwanjani saa tisa mchana, jua kali, hakuna mtu, akamkuta Lusungu peke yake anaita majina yetu, moja moja, kwa sauti kubwa, mbele ya magoli matupu. Langu, alisema, lilikuwa linamkwama, anarudia na kurudia. Tukacheka wote wawili. Sasa hivi nikikumbuka kile kicheko natamani ardhi inimeze.

Jumamosi tukaingia Masaki. Rukaiya alikuja, na kaka zake wawili kutoka Temeke, mashemeji zangu, watu wanaonisemaga kwamba nacheza mchezo wa watoto wa kizungu. Nilitaka waone kwamba kule mie ni mtu mzito, wote wananiheshimu. Nalisema hili kwa sababu lina sehemu yake.

Kipindi cha kwanza Ansbert aliangusha mpira mara mbili, na mara zote mbili jamaa wa Arusha waliuokota wakaenda kufunga. Kumi na nne kwa saba, tunafungwa. Lakini anatupanga bwana! Anapiga makofi, anaita, anatia moyo, unaweza kudhani tunashinda. Dakika ya hamsini na tano akakaba vibaya, bega likachomoka. Demetria akamtoa. Stanley akamgeukia Lusungu akamwambia, "Vua koti."

Jamani, dakika ishirini na mbili zilizofuata sijui nizieleze vipi. Mpira wa kwanza tu alioshika aliona mlinzi wao wa nyuma amesogea mbele, akapiga teke fupi la kuwapita kichwani, Talha wetu wa pembeni akaukimbilia akafunga trai. Lusungu mwenyewe akapiga lile teke la nyongeza, likapita katikati ya milingoti. Kumi na nne kwa kumi na nne. Baadaye wakafanya kosa, refa akatupa teke la adhabu, mbali, upande mbaya, upepo unatoka baharini. Akalipiga. Kumi na saba kwa kumi na nne. Nilimwona Anselmo pembeni ya chaki anaandika mpaka kalamu inakimbia.

Na alikuwa anaita! Hilo ndilo watu wa kijiweni hawataki kulisikia. "Talha, rudi! Hija, panda!" Vijana wenzake walimfuata kila neno. Sie wakubwa alikuwa bado anatupa ishara za mikono, anatukwepa kidogo, lakini kwa vijana sauti ilikuwa imefunguka.

Zikabaki dakika tatu. Jamaa wa Arusha wakatusukuma mpaka hatua tano kutoka mstari wetu. Mpira uko chini ya rundo la watu, mie nimesimama kulia kwa rundo, mwenzangu wa kushoto amelala chini anaugulia mbavu. Kwa hiyo kushoto kuko wazi, upana wa mlango. Mie sikuuona. Lusungu, nyuma yangu, aliuona.

"Fakihi! Kushoto! Ziba!"

Nilisikia. Nataka nilitamke hapa wazi, maana siku ile nilisema jingine. Nilisikia maneno yote matatu, na sauti ilikuwa nzuri, kubwa, haina samahani hata moja. Lakini kilichonishuka moyoni hakikuwa kushoto wala ziba. Kilikuwa jina langu, tupu, limetoka kinywani mwa mtoto wa miaka ishirini, na mashemeji zangu wako pale pembeni. Damu ikanipanda. Ruhusa niliyompa mwenyewe siku mbili kabla ilinitoka kichwani yote. Nikageuza shingo nikamwambia, "Unamwita nani?"

Ndiyo. Katikati ya mechi, hatua tano kutoka mstarini, nimegeuka kumfunza mtoto adabu. Namba tisa wao akachomoa mpira akapita pale pale kushoto, hakuguswa na mtu. Trai, na teke la nyongeza juu yake. Ishirini na moja kwa kumi na saba. Tulirudisha mpira katikati mara moja tu, filimbi ikalia.

Nilikaa kwenye nyasi navua viatu. Anselmo akaja na daftari lake, mtu mpole, anasema taratibu. Lusungu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, chupa ya maji mkononi, hajanywa. Stanley naye alikuwa karibu.

"Mzee wangu," Anselmo akaniambia, "wewe ndiye ulikuwa pale. Lile pengo la mwisho la kushoto, mie nilikuwa mwisho wa pili wa uwanja, sikusikia kitu. Namba kumi wenu aliita?"

Rahisi kabisa hilo swali. Neno moja tu lilitakiwa. Nikamwona shemeji yangu mmoja anakuja upande wetu, ameshaanza kutabasamu, na mie nikajua nikisema ndiyo, swali la pili ni wewe ulikuwa unafanya nini.

"Hakuita," nikasema.

Lusungu akanitazama. Sikuwahi kutazamwa vile. Nilingoja aseme, kaka, mbona niliita. Nilitaka aseme, wallahi, nilikuwa nimejiandaa kubisha. Hakusema. Mtoto aliyelelewa asimbishie mkubwa mbele ya mgeni, na mie ndiye niliyekuwa nikimsifia hilo mbele za watu. Akainamisha macho kwenye chupa yake. Anselmo akaandika, akamwambia Stanley, "Mikono anayo sana. Pengine uongozi utakuja baadaye." Stanley akatikisa kichwa kukubali. Yeye alikuwa upande mwingine wa uwanja, hakusikia lolote, akakubali tu.

Nyumbani Rukaiya ananipakulia chakula, ananiambia, "Yule kijana mdogo ana sauti, jamani. Lile jina lako alivyoliita, sie tulikuwa kule kwenye miti tukalisikia." Nikasema goti linauma, nikaenda kulala na njaa.

Baada ya siku kumi orodha ikatoka. Namba kumi alikuwa kijana wa Arusha, wa kawaida tu, nilimkaba mara nne. Lusungu akaacha kuja mazoezini. Hakugombana na mtu, hakuaga. Hapo ndipo kijiweni wakaanza maneno yao kwamba hana moyo, ameshindwa kidogo tu amesusa. Na Ansbert, bega limefungwa, akawa anarudia, "Mnaona? Niliwaambia uongozi haufundishwi."

Wiki ya tatu nikashindwa kuvumilia. Nikampigia simu Anselmo, nikamweleza kila kitu, kwamba aliita, nilisikia, niligeuka kumgombeza. Nilidhani atanitukana, ningeshukuru.

"Kambi ilianza jana, mzee wangu," akasema. "Na hata ungeniambia siku ile, sijui. Ameita, mkubwa wake hakwenda. Mie natafuta namba kumi anayefuatwa."

Khaa! Nilimkatia simu. Nikarusha spana ikavunja kioo cha bajaji ya mtu. Kwa hiyo mie nikisimama, anayekosa uongozi ni yeye! Nilifoka peke yangu gerejini, halafu nikakumbuka kwamba hayo aliyoyasema Anselmo ndiyo yale yale niliyoyasema mie Jumatano ile, tena kwa ufasaha zaidi.

Jumapili nikaenda Buguruni. Nilimkuta nyuma ya turubai lake, viatu vimepangwa jozi kwa jozi, anasugua kimoja kwa brashi na maji ya sabuni. Akasimama haraka.

"Shikamoo, kaka Fakihi."

Nilishindwa kuitikia. Nikaanza hotuba niliyoitunga njia nzima, nisamehe mdogo wangu, nilikukosea, nimempigia Anselmo, na mama yako nitakwenda kumwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho huku akikigeuza kile kiatu mkononi. Nilipomaliza akatazama huku na huku, kama mtu anayeogopa kusikiwa, akaniuliza kwa sauti ndogo sana, ile ya zamani.

"Samahani, kaka. Siku ile, niliita kweli?"

"Uliita."

"Kwa sauti? Ulinisikia?"

"Nilikusikia, Lusungu. Nilikusikia vizuri kabisa."

Akashusha pumzi. Akakaa juu ya kigoda chake, akaendelea kusugua.

"Nashukuru umeniambia. Maana nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba sikuita."